Wanawake wa Ukoo Huu Wanaanguka Sana

Njombe, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Natumaini unaendelea vizuri, wewe na cherehani yako. Sisi huku hatujambo. Baridi imepungua, ila asubuhi bado naoga maji ya moto na wala sioni haya. Viazi vya bondeni tumemaliza kuvuna, vidogo ni vingi kuliko vikubwa. Usharikani tumeletewa mchungaji mpya, kijana mwembamba anayehubiri kwa ufupi, na wazee wanalalamika kwamba hawapati muda wa kusinzia.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu inashinda kwa kaka yako Elius, maana umeme uko nyumbani kwake tu, na kila ujumbe unaoingia anausoma kabla yangu. Barua hii ataileta Judith, jirani yetu anayeuza viazi sokoni Makambako kila Jumanne. Nawe ujibu kwa mkono wake.

Sasa nililokuandikia. Mke wa Elius aliondoka hapa Alhamisi asubuhi na Pendo mgongoni, hakumuaga mtu. Nasikia amefikia kwako. Siku moja kabla alikuwa ameumia mkono. Jana baada ya ibada tulikaa kikao cha ukoo, baba yako mdogo Lameki akiwa mwenyekiti. Upande wa mke hakukuwa na mtu, unajua Manda ni mbali. Elius ametoa jogoo na pombe ya ulanzi, hata mimi nisiyekunywa niliwekewa togwa. Mambo yameisha. Mwambie Anjela arudi, kuna maharage ya kupanda na mtoto namkosa.

Nakutumia nusu gunia la viazi. Vile vilivyokatwa na jembe vipike kwanza.

Mama yako,
Dorika


Makambako, 17 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika na barua imefika, asante. Mimi ni mzima. Shule zinakaribia kufunga na kila mzazi anataka sare ya mwaka ujao ishonwe leo. Vumbi la huku unalijua, nafagia kibanda mara tatu kwa siku. Pendo ameshajizoesha, treni ikipita anakimbia dirishani kuipungia mkono.

Wifi yuko kwangu, hukusikia vibaya. Unasema ameumia mkono kana kwamba alichomwa na mwiba. Mkono umevunjika sehemu mbili, Mama, juu na chini ya kiwiko. Alipanda gari kutoka Njombe mpaka hapa akiwa na mtoto mgongoni na mkono umefungwa kwa kanga. Hospitali walimuuliza imekuwaje, akasema ameanguka. Nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi, nikamwambia hapa si kwa wakwe zako. Ndipo akasema. Tulikwenda polisi dawati la jinsia, akaandikiwa PF3, ile fomu ya matibabu, akatoa maelezo.

Unajua mimi ni mmoja wa akina mama wa kikundi chetu hapa tunaosaidia wanawake wanaopigwa. Tumeshawasindikiza wengi polisi. Huyu ndiye wa kwanza aliyepigwa na mtu niliyenyonya naye ziwa moja, na usiniulize najisikiaje.

Nina swali moja tu. Wifi anasema Elius alimpiga kwa mpini wa jembe, mchana, uani, kwa sababu aliomba kwenda Manda kumwona mama yake anayeumwa. Anasema wewe ulikuwa mlangoni kwa jiko unachambua maharage. Uliona nini, Mama?

Wako,
Rejoice


Njombe, 6 Novemba 2023

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Nimechelewa kujibu kwa sababu Judith aliugua malaria, halafu mvua za kwanza zikaja kwa fujo na kila mtu yuko shambani. Nimepanda mahindi peke yangu upande wote wa juu. Mbolea tumepata. Parachichi za jirani zimeanza kuibiwa, sasa amefunga mbwa ambaye anabweka hata akiona kivuli chake.

Elius walikuja kumchukua polisi siku ya kwaya. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele, tunafanya mazoezi, na gari likapita barabarani na mwanangu nyuma. Sauti ya pili ilikatika yote kwa sababu wenzangu waliacha kuimba wakanitazama. Alilala huko siku tatu, baba yako mdogo akamwekea dhamana. Amekonda. Hajanisemesha tangu arudi, ingawa chakula changu anakula.

Ulimpeleka ndugu yako polisi bila kuja kwanza hapa nyumbani kuniuliza. Mtoto wa kwanza ni wa kwanza. Baba yako alipofariki ni Elius aliyeacha shule akaenda kupasua mbao ili wewe umalize kidato cha nne. Sikukumbushi ili ulie, nakukumbusha kwa sababu naona umesahau.

Kuhusu swali lako, uwanja ulikuwa na maji. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na anayetaka kujua akamuulize yeyote aliyefika siku ile. Kwenye kikao tuliandika aliteleza.

Mpe Pendo maziwa, usimzoeshe chai.

Mama yako,
Dorika


Makambako, 5 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima. Pendo anakunywa maziwa. Wifi ameondolewa plasta, anafanya mazoezi ya kufungua na kufunga vidole na ananisaidia kukata nyuzi.

Sijasahau mbao za Elius. Karo yangu ilitoka kwenye mabega yake na nitakufa nikilijua hilo. Siku ile polisi nilikaa nje ya geti nikatapika. Lakini mkono wa wifi haukuvunjwa na mimi.

Tuko kwenye siku kumi na sita za kupinga ukatili wa kijinsia. Tumezunguka sokoni, stendi, makanisani na msikitini. Tumefundisha wasichana wa sekondari wamwambie nani wakiguswa. Tumewaambia watu kwamba mtu akipigwa apelekwe polisi na hospitali kwanza, vikao vya ukoo baadaye. Baba mmoja muuza vitunguu alitucheka, lakini jioni alileta dada yake.

Sasa nikuambie lililonileta kwenye karatasi. Wiki iliyopita baba mdogo Lameki amepeleka polisi muhtasari wa kikao. Muhtasari huo unasema mke wa Elius aliteleza kwenye kizingiti kilicholowa na pande zote mbili zimesameheana. Askari anayeshika jalada aliniuliza kama naujua mwandiko huo. Mama, mwandiko wako ndio ulionifundisha kusoma, ile ‘g’ yako yenye mkia mrefu siwezi kuikosea. Nilimwambia naujua.

Karatasi hiyo ikikaa peke yake bila mtu wa kuipinga, kesi imekufa. Aliyeona ni wewe tu.

Rejoice


Njombe, 18 Desemba 2023

Rejoice,

Kamwene. Huku wazima. Mvua ni nyingi.

Judith ameniambia ulichosema sokoni kwenye kipaza sauti. Alikuwa amekaa na viazi vyake hatua ishirini kutoka hapo. Ulisema kuna akina mama wanaofunika makosa ya wana wao kama wanavyofunika sufuria, na kwamba mikono yao nayo imeshika ule mpini. Judith anasema watu walipiga makofi.

Nilikuzaa bila mkunga, mvua ikinyesha kama hii.

Sweta hili ni la Pendo, la Krismasi. Mikono nimeiacha mirefu kwa sababu anakua.

Dorika


Makambako, 23 Januari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sweta limemkaa vizuri na analala nalo. Heri ya mwaka mpya. Nilianza barua hii mara tatu nikaichana, na mara ya nne ni hii.

Nisamehe kwa maneno ya sokoni. Nilikuwa na hasira na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Nilikuwa nasema na watu mia mbili neno ambalo nilipaswa kuja kulisema jikoni kwako, nimekaa kwenye kigoda kama mtoto wako. Kusema mbele ya wageni ni rahisi, hilo nimejifunza kwa aibu.

Na kuna jambo nimekuficha. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utafurahi. Wifi anataka kurudi. Tangu baba mdogo apeleke ule muhtasari, Anjela amekuwa akisema, kama hata Mama anasema nimeanguka, basi labda niseme nimeanguka, yaishe. Kesi imepangwa tarehe 12 Machi. Jumapili amekunja nguo za Pendo akaziweka kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko uko nyuma ya mlango. Ananiambia anangoja tarehe hiyo ipite tu.

Hapa kikundini tuna akina mama wanaoweza kuhutubia mkoa mzima. Hakuna hata mmoja anayeweza kumshawishi abaki, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwepo uani siku ile.

Sikulazimishi. Nakuambia tu mfuko uko wapi.

Mwanao,
Rejoice


Njombe, 11 Februari 2024

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Mahindi yamefika kiunoni. Mchungaji mwembamba amepata mke, na mahubiri yamekuwa marefu. Nimekwisha kukusamehe la sokoni, tena nilikusamehe kabla hujaomba, ila niliona nisikuambie mapema.

Barua yako nilikaa nayo karibu wiki tatu. Katikati baba yako mdogo alikuja. Aliniambia ule muhtasari unatakiwa nakala safi, yenye mhuri wa kijiji, niunakili upya kwa mwandiko mzuri. Unajua tangu niolewe hapa katibu wa vikao ni mimi. Nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima, nikaletwa ukoo ambao wanaume wengi walikuwa wanasaini kwa dole gumba, wakanipa kalamu. Nilijivuna. Mwanamke mmoja kati ya wanaume kumi na wawili, na hakuna aliyethubutu kuanza kabla sijafungua daftari.

Nina kaunta buku nne za vikao. Nilizitoa sandukuni nikaanza kutafuta ukurasa wa Oktoba. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, zikafunguka kwenye miaka ya nyuma, nikasoma. Kisha nikarudi nyuma nikasoma tena. Nilikuwa nimeweka maharage jikoni na yakaungua.

Nakunakilia baadhi. “Mke wa Kristofa aliteleza kisimani, jino limetoka. Mume ametoa jogoo.” “Mke wa Benno aliangukia mafiga. Wameshikana mikono.” Mwaka uliofuata, “Mke wa Benno alijigonga mlangoni usiku.” “Mke wa Lameki aliangushwa na ng’ombe.” Rejoice, baba yako mdogo hajawahi kufuga ng’ombe.

Nilihesabu. Ni kumi na mmoja, wengine zaidi ya mara moja. Wanawake wa ukoo huu wanaanguka sana. Mtu akisoma vitabu vyangu atadhani vilima vya Njombe vimepakwa sabuni. Na chini ya kila mmoja nimeandika mambo yameisha, nikapiga mstari kwa rula. Wakati wote niliamini naokoa nyumba za watu. Niliona nikiandika kwa upole, watu watakuwa wapole.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa Agosti 1993. “Mke wa Ebeneza alianguka kutoka ngazi ya darini akishusha mahindi. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Ebeneza ametoa jogoo na madebe mawili ya ulanzi. Mambo yameisha.” Mwandiko huo si mzuri. Herufi zinapanda na kushuka, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa shingoni na nilikataa mtu mwingine asiandike. Niliandika kwa mkono wa kushoto.

Mama yako hakuanguka. Baba yako alinivuta kutoka kwenye ile ngazi. Hakuwa mtu mbaya siku zote, na hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote.

Sasa nijibu swali lako la Oktoba. Nilikuwa mlangoni kwa jiko, nachambua maharage. Nilimwona Elius akiuchukua mpini. Nilisema, Elius, inatosha, kwa sauti ya kumkataza mbuzi asile mboga. Alipiga mara ya tatu baada ya mimi kusema. Alipoondoka nilimfunga Anjela mkono kwa kanga yangu. Halafu nikachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, nikaimwaga kwenye kizingiti. Uwanja ulikuwa mkavu kabisa. Maji niliyamwaga mimi, ili wakija watu wakute pamelowa.

Hilo sijamwambia mtu, hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka.

Sijasema nitakuja tarehe 12. Elius nilimzaa mimi, na nikifikiria kusimama mbele yake nikimtazama usoni, tumbo linanikata kama siku niliyomzaa. Ila nakala safi ya baba yako mdogo sijaiandika. Nimemwambia kalamu imekwisha wino.

Mama yako,
Dorika


Makambako, 20 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka mitatu. Nilikua nikiambiwa ile ngazi ni mbaya, ilimwangusha Mama. Mpaka naondoka nyumbani sikuwahi kuipanda. Nilikuwa nazunguka mbali nayo, nikaichukia miti miwili na vipande vya mbao. Hayati baba nilimlilia kwa moyo wote na sijui sasa nifanye nini na machozi hayo. Labda niyaache yalivyo.

Nimemsomea wifi barua yako. Nilifika kwenye ndoo nikasita, nikataka kuruka. Akaniambia, “Soma tu, wifi. Mimi nilimwona akimwaga.” Alikuwa anajua tangu mwanzo, Mama. Halafu akasema, “Lakini alinifunga mkono kwanza. Kanga ile ilikuwa mpya, ya Pasaka.” Mpaka leo anayo, ameifua, ipo.

Mfuko bado uko nyuma ya mlango. Lakini jana alitoa sweta la Pendo kwa sababu ya baridi, na hakulirudisha.

Uamuzi ni wako. Ukija au usipokuja, nitakuja Pasaka nikae jikoni kwako.

Mwanao,
Rejoice


Makambako, 19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, maana hukuniaga.

Nilikuwa nje na mashahidi wengine. Mimi nilitoa ushahidi mwisho, na mtu ambaye hajasema haruhusiwi kusikiliza wenzake. Nilikuona unashuka kwenye gari na gauni la kwaya, na mfuko wa khaki kwapani. Wifi alikuona pia, akanishika mkono kwa ule mkono wake mbovu. Ulipita bila kututazama, na wifi, aliyekwisha kutoa ushahidi wake, akakufuata ndani. Ulikaa ndani muda mrefu, nikasikia mtu anakohoa, na sauti yako, lakini maneno sikuyapata. Ukatoka kwa mlango mwingine. Nilipomaliza ushahidi wangu nikakimbilia stendi, gari lilikuwa limeondoka.

Wifi hasemi alichosikia. Anasema nikuulize mwenyewe. Tuliporudi nyumbani alitoa nguo za Pendo kwenye mfuko akazipanga kabatini, halafu akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Ulisema nini, Mama? Na Elius alikuwaje?

Rejoice


Njombe, 2 Juni 2024

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Baridi imerudi, asubuhi majani yana barafu na viazi vilivyochelewa vimeungua. Nashukuru ulikuja Pasaka. Najua ulingoja niseme na sikusema, tukala wali tukazungumzia bei ya vitambaa. Uliponiosha mgongo na mabega uliona mfupa wa mtulinga ulivyoungana vibaya, ukapitisha sabuni hapo taratibu. Ilinitosha kwa siku ile.

Sasa nakuandikia ulichouliza. Mle ndani hakimu aliniuliza mimi ni nani kwa mshtakiwa. Nikasema mama yake. Akaniuliza kama ninaelewa kwamba naweza kuhukumu maisha ya mwanangu kwa nitakayosema. Nikasema naelewa, na nimevaa vizuri kwa sababu hiyo. Nikaeleza mpini, mara tatu, na ndoo. Kisha nikatoa kaunta buku kwenye mfuko. Wakili wa Elius alitaka zikataliwe. Hakimu akasema nisome kidogo kwanza. Nikasoma wote kumi na mmoja, mke wa fulani, mke wa fulani, na nilipofika Agosti 1993 nilisoma kama wengine, sikukaza wala kulegeza. Hakimu akaniuliza kwa nini niliandika uongo miaka yote hiyo. Nikamjibu kwamba nilidhani ndiyo kazi ya katibu.

Elius alitazama viatu vyake mpaka mwisho. Nilitoka kwa mlango mwingine kwa sababu ningekuona ningeanguka, na safari hii ingekuwa kweli.

Hukumu unaijua, miaka miwili. Baba yako mdogo aliitisha kikao kunijadili mimi. Walikaa, wakatazamana, hakuna wa kuandika. Wakaniomba niandike, kwa unyenyekevu kabisa. Nikaandika yote kama yalivyosemwa, na maneno ya Lameki yote, pamoja na aliyoyasema akiwa amekasirika, kisha nikawasomea. Kikao kilivunjika mapema. Tangu siku hiyo mke wa Benno amekuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza aliomba chumvi. Mara ya pili aliniuliza hilo dawati la polisi linafunguliwa saa ngapi, nikamwambia nitakwenda naye, na Alhamisi tulikwenda. Nakuomba kikundi chenu kije huku baada ya mavuno. Kipaza sauti mnaweza kukiacha, wanawake wa hapa watasikia hata mkizungumza taratibu.

Anjela ameniandikia kutoka Manda. Mama yake amemkuta hai. Pendo ameona ziwa akauliza nani amelijaza. Hakuandika kama atarudi huku na mimi sikumuuliza. Nimemtumia mbegu za maharage.

La mwisho ndilo lililonichelewesha mpaka leo. Jana nilikwenda gerezani kumwona Elius. Mara mbili za kwanza alikataa kutoka. Jana alitoka. Nilimpelekea viazi vya kuchemsha na chumvi, walinzi wakavikagua kimoja kimoja. Alikaa, hakunisalimia. Nikamweleza habari za shamba, nikamaliza, nikaanza tena.

Kisha akasema, “Mama, ule ukurasa wako uliousoma. Ulifikiri sikujua?”

Nikamuuliza alijuaje, alikuwa na miaka saba.

Akasema, “Nilikuwa mlangoni, nimembeba Rejoice mgongoni. Nilimwona baba anakuvuta. Ulipoinuka ukaniita, ukanishika bega kwa mkono mzima, ukaniambia, Elius, umeona mama alivyoanguka. Nikasema ndiyo.”

Rejoice, nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau hilo. Nilikumbuka ngazi, jogoo, mkono wa kushoto, yote, lakini mtoto mlangoni nilikuwa nimemfuta. Nilimfundisha mwenyewe, siku moja, kwa maneno manne.

Nikamwambia, “Sikuanguka. Baba yako aliniangusha, na haikuwa haki, na nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile. Nisamehe. Lakini mpini uliuchukua wewe, na ulikuwa mtu mzima.” Akafunika uso kwa mikono. Nikamwacha alie, sikumnyamazisha, na mimi nililia bila kujificha mbele ya walinzi.

Muda ulipokwisha alisimama, akafuta uso, akauliza kama mkono wa Anjela unanyooka sasa.

Nikamwambia haunyooki.

Mama yako,
Dorika